Jina la Kanga Chini ya Mkasi

Mwanzoni mwa muhula huu niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la insha ambalo, kusema kweli, nililitunga nikiwa njiani kuingia darasani: "Taja vitu vitano unavyovipenda kwa sasa katika sanaa, utamaduni na mavazi, na ueleze sababu." Nilitarajia insha za kujaza karatasi, na nyingi zilikuwa hivyo. Mpira, simu, mitindo ya nywele, na baadhi waliandika kwamba wanapenda utamaduni wa Kiswahili kwa sababu ni mzuri. Alama nilizowapa wanazijua wenyewe.

Insha moja ilinizuia. Mwandishi wake ni binti ambaye darasani hukaa nyuma na hasemi sana. Ametaja vitu hivi: nyimbo za Zuchu, viatu vya raba vyeupe, picha ya Tingatinga ambayo shangazi yake alimletea kutoka Dar es Salaam, tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na koti alilolishonesha kwa leesu. Makala haya yatahusu zaidi hicho cha tano, lakini ni haki niseme neno juu ya vingine ili msomaji aone binti huyu ana jicho la namna gani.

Kuhusu picha ya Tingatinga ameandika kwamba wanyama wake wana macho kama ya mtu aliyepewa habari ya kushtua akiwa bado ana chakula mdomoni. Nimesoma maelezo mengi kuhusu mtindo huu ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, na sikumbuki kuona sentensi iliyoyaona macho yale vizuri zaidi. Kuhusu tamthilia za Kituruki amesema anachopenda ni kuona midomo ikisema jambo moja na masikio yakisikia jingine. Kuhusu viatu amesema ni vyeupe, basi. Kuhusu Zuchu amesema anapenda namna anavyomsema mtu bila kumtaja. Hapo nilimwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu, na kwamba kumsema mtu bila kumtaja ni kazi ya nyumbani kwao. Alikuwa hajui. Hakuwahi kuusikia wimbo wa mama, anazijua za binti tu.

Sasa tuje kwenye koti.

Kwa wasomaji wetu walio nje ya Uganda, leesu ndiyo kanga. Neno lenyewe ni lile lile leso la Mombasa, ambalo nalo lilitoka kwa Wareno. Hapa kwetu mwanamke hujifunga leesu akiwa jikoni, akienda kisimani, na akienda matangani huifunga juu ya nguo nyingine. Akienda kujifungua huweka leesu kwenye mkoba, na mtoto akizaliwa hufunikwa kwayo. Kwa hiyo ni nguo ya nyumbani, ya msibani na ya hospitali. Msichana wa mjini hakuivaa kwenda chuoni. Lakini miaka ya karibuni vijana wameigeuza: magauni, mashati, mikoba, hereni zilizovikwa vitambaa, na makoti mafupi kama hili la binti wetu.

Alilivaa siku niliporudisha insha, nadhani makusudi. Naomba nilieleze kama ninavyoeleza shairi, kwa sababu ni kazi ya sanaa. Rangi ni njano na nyeusi. Mji wa kanga ile, yaani sehemu ya katikati, ulikuwa na korosho kubwa, na fundi amezipanga korosho mbili zikaangukia mabegani, moja kila upande, zikitazamana. Pindo, ule mpaka unaozunguka kanga, ameliweka kwenye ukingo wa mbele na kwenye vikuno vya mikono, hata koti lote linaonekana kama limewekewa fremu. Fundi huyo wa Kiyembe anajua pindo ni nini. Ameliheshimu, akaliacha lifanye kazi yake ya kupaka mpaka. Ndani ya ukosi yamebaki maandishi madogo yanayosema MALI YA ABDULLA, na wanafunzi wenzake wamemtania kwamba Abdulla ni mchumba wake. Ukweli ni kwamba hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, lililoanza biashara mwaka 1887, na kama maneno yale ni ushahidi wa uchumba basi Abdulla ana wachumba Afrika Mashariki nzima.

Tatizo lilikuwa mgongoni. Kwa herufi kubwa nyeusi mgongo ulisema: SIPATI TAMAA.

Kanga yenyewe ni ya zamani na jina lake linajulikana sana pwani: Japo sipati tamaa sikati. Fundi alipokata kipande cha mgongo, neno la kwanza liliingia kwenye mshono wa ubavuni likamezwa. Neno la mwisho lilibaki kwenye kipande kilichotupwa, kisha fundi akaona haifai kupoteza kitambaa, akakitumia kushonea mfuko wa kifuani. Mfuko unasema: SIKATI. Naam, kitambaa kilichokatwa na mkasi kinatangaza kwamba hakikati.

Binti mwenyewe hakuwa ameliona hilo hadi alipoambiwa. Ameeleza katika insha kwamba siku moja akiwa kituo cha magari, mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anangoja basi la Mombasa alimshika bega.

"Pole, mwanangu. Nani amekukatisha tamaa?"

"Hakuna, mama. Kwa nini?"

"Mgongo wako ndio umesema, mie sijasema kitu."

Binti alivua koti, akaligeuza, akasoma. Anasoma Kiswahili mwaka wa pili, anajua viambishi vya ukanushi vyote, na alikuwa amelivaa koti hilo wiki tatu. Ameandika: "Nilijisikia kama mtu aliyebandikwa karatasi mgongoni na wenzake shuleni. Ila karatasi hii nililipia mwenyewe."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tuliangalie jina lile kama matini. Lina maneno manne tu. Nusu ya kwanza, japo sipati, ina mizani tano. Nusu ya pili, tamaa sikati, ina sita. Kila nusu inakomea kwenye silabi ile ile. Tena vitenzi vyake viwili, sipati na sikati, vinatofautiana kwa sauti moja peke yake, p na k, na ndani ya tofauti hiyo ndogo ndimo ulimo umbali kati ya mtu aliyekosa na mtu aliyekubali kukosa. Mtunzi wake, ambaye hatumjui, hakupoteza hata silabi. Na kiungo cha yote ni lile neno dogo japo. Mimi hutumia karibu wiki nzima kufundisha japo, ingawa na ijapokuwa, nikiandika mifano ubaoni kuhusu Juma aliyekwenda shule ijapokuwa mvua ilinyesha. Wiki inayofuata wamesahau. Binti huyu hatasahau. Ameona kwa macho yake kinachotokea neno hilo likimezwa na mshono: ukakamavu unageuka malalamiko. Na msemo kukata tamaa umevunjwa vipande viwili, tamaa imeachwa mgongoni, kukata kumehamia kifuani.

Nilipowaonyesha walimu wenzangu insha hiyo chumba cha walimu kiligawanyika. Mmoja wetu, mtu ninayemheshimu, alisema haya ndiyo matokeo ya vijana kuchezea utamaduni wa watu. Kanga ni vazi la heshima, haikatwi. Mwingine alisema tusikuze mambo, hii ni fasheni, mwakani watavaa kitu kingine. Sikukubaliana na yeyote kati yao, na nafasi hii naitumia kueleza kwa nini, maana siku ile kengele ililia kabla sijamaliza.

Anayesema kanga haikatwi hajaitazama historia yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani, Zanzibar na Mombasa, walikuwa wakinunua leso za mraba zilizokuja zikiwa hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu, kisha wakashona vipande viwili pamoja kupata nguo ya leso sita. Hiyo ndiyo simulizi inayokubaliwa na wengi kuhusu chanzo cha kanga. Ina maana kwamba kanga ilizaliwa mkononi mwa mwanamke mwenye mkasi na sindano ambaye hakuridhika na nguo kama ilivyotoka kwa mwenye duka. Wakati ule merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watu wa chini, na kaniki hasa ilikumbusha utumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliikimbilia kanga, ya rangi na ya maua, na kila aliyeweza kununua mpya alinunua. Vazi tunaloliita la heshima na la jadi lilikuwa fasheni ya vijana wa mjini, na bila shaka wapo wazee waliotikisa vichwa. Hata maneno hayakuwapo tangu mwanzo. Yaliingia baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa herufi tunazotumia sasa.

Kwa hiyo mkasi sina ugomvi nao. Lakini na yule anayesema ni fasheni tu ameruka jambo. Kitenge na kanga havifanani, ingawa vyote huuzwa katika duka moja na vijana huvikata kwa namna moja. Kitenge ni nguo ya kupimwa. Ua linajirudia kutoka mwanzo wa gora hadi mwisho, halina juu wala chini. Ukikata hapa au pale hujaua kitu. Kanga ni ukurasa. Upana wake kama mita moja, urefu kama mita moja na nusu, ina pambizo zake pande zote nne, ina picha yake katikati, na chini ya picha ina mstari wa maneno uliowekwa mahali pake makusudi, ili mwanamke akijifunga usomeke nyuma. Anayekata kanga kama kitenge amekata ukurasa kama anayekata karatasi ya kufungia karanga. Inawezekana na karanga zikawa tamu. Lakini mtu anayesoma chuo, somo la Kiswahili, angalau ajue alichofungia.

Na hapa ndipo penye uzito kwetu sisi wa nchi hii. Wanafunzi wetu wengi wamekua wakiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Wazazi wao wana sababu zao za kusema hivyo, siwalaumu. Waliosikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970 hawawezi kulazimishwa kukipenda. Mwaka 2005 katiba ilifanyiwa marekebisho na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tumeandika mengi kuhusu maamuzi hayo katika jarida hili, kana kwamba Kiswahili kinasubiri mpakani kigongewe muhuri. Kumbe kiko nyumbani siku zote. Mtoto wa Uganda, kabla hajaisikia vizuri lugha ya mama yake, amekwisha kufungwa ndani ya sentensi ya Kiswahili. Ameikojolea, amebebwa nayo mgongoni, ameifutia pua. Na hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyeisoma.

Nina ushahidi wa karibu. Mama yangu hakujua Kiswahili. Alikuwa na leesu moja ya zambarau aliyoipenda kuliko zote, na kwa kuwa ilikuwa nzuri ndiyo aliyoivaa kwenye misiba mikubwa. Niliposoma Kiswahili nikarudi nyumbani likizo, nikaikuta imeanikwa, nikaisoma: Hasidi hana sababu. Mama alikuwa ameivaa, miongoni mwa misiba mingine, matangani kwa wifi yake ambaye hawakupatana miaka mingi, akakaa nayo siku nne katikati ya ukoo wote. Pwani jambo hilo lingeitisha kikao cha wazee. Kijijini kwetu watu walimsifu kwa rangi. Nilipomfasiria alicheka hadi akakaa chini, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe nilimwambia." Hadi leo sijui alikuwa akijuta au akifurahi.

Kisa cha mama na kisa cha binti ni kimoja. Wote wawili walisema hadharani jambo wasilolijua. Tofauti ni kwamba mama hakuwa na njia ya kujua, na binti alikuwa na kamusi kwenye mkoba.

Profesa Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili. Jina la kanga humpa mwanamke nafasi ya kusema ambacho mdomo wake hauruhusiwi kusema, na akiulizwa ana pa kutorokea: mimi nimevaa nguo tu, kama wewe umejiona humo shauri yako. Hilo ndilo fumbo. Nalo lina masharti. Lazima awepo anayelengwa, lazima ajue kusoma, na lazima wote wawili wajue kwamba mwenzake anajua. Ukivaa Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake ukapita mbele ya jirani wa Mombasa au Tanga, umempiga kofi bila kunyanyua mkono. Ukiivaa Kampala, umevaa nguo yenye maandishi.

Binti aliligusa hili alipokuja ofisini kuzungumza kuhusu alama zake. "Mwalimu," alisema, "kanga yangu haina wa kumsema. Marafiki zangu hawasomi. Ningeiacha nzima au ningeikata, kwao ni sawa." Nilitafuta jibu sikulipata haraka. Ana hoja. Fumbo lisilo na mfumbiwa ni nini? Baada ya siku mbili nilipata jibu dogo: mfumbiwa alikuwepo. Alikuwa yule mama wa kituoni. Alisoma, akaelewa, akajibu, tena akajibu kwa upole na kwa utani kama mtu wa pwani anavyopaswa kujibu jina la kanga. Katika mji wote ule sentensi ya binti ilipata msomaji mmoja, na msomaji huyo alikutana na sentensi iliyovunjika mguu.

Kuna jambo jingine limenisumbua nikiandika, nalo linatuhusu sisi walimu. Nimepitia mitihani yetu ya fasihi simulizi ya miaka kadhaa. Methali zimo kila mwaka. Vitendawili vimo. Nahau, misimu, ngano, zote zimo. Kanga imetokea mara moja, katika swali la kutaja mifano ya mavazi ya Waswahili, alama mbili. Yaani tanzu ambayo mwanafunzi wetu ameivaa tangu kuzaliwa tumeiweka kwenye kabati la nguo. Wengine watasema majina ya kanga ni methali tu zilizochapishwa, hivyo tunazifundisha tayari. Si kweli. Methali zimo, kama Wema hauozi. Lakini Japo sipati tamaa sikati ina nafsi ya kwanza ndani yake. Ni mtu anayesema habari yake mwenyewe. Methali kwa kawaida haina mimi. Wapambe msitujadili ina wasemaji, ina wanaoambiwa, ina amri, na ina kisa kizima cha ndoa na mashoga waliokaa barazani, yote kwa maneno mawili. Nani kama mama ni swali lisilotaka jibu, na mwanafunzi wangu akiniandikia mfano bora wa swali la balagha kuliko huo nitampa soda.

Sisemi kila jina ni zuri. Mengi ya siku hizi yamekuwa dua za jumla na salamu za sikukuu, maneno ambayo hayamkeri mtu wala hayamfurahishi, yaliyoandikwa ili yauzike kwa kila mnunuzi. Nimeona pia yenye makosa ya tahajia, yaliyochapwa mbali na watu wasiosoma wanachokichapa. Kuna na kanga za matukio: mwaka 2008 Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani zilitoka kanga zenye picha yake na pongezi. Zinafaa kumbukumbu, lakini ukizisoma mara moja umemaliza. Jina zuri ni lile ambalo ukilisoma mara ya pili linakugeukia. Uwezo wa kulitenga hilo na hayo mengine ndiyo uhakiki, na ndiyo kazi tunayolipwa kuifundisha.

Vijana wamekwisha kutuletea nguo hadi darasani. Tangu nilipoisoma insha ile nimeanza kutazama migongo ya wanafunzi uani, nikitembea polepole kama mtu mwenye deni. Nimesoma mkoba ulioandikwa HAUO, na nikatambua masikini Wema hauozi. Nimesoma sketi yenye DEREVA NI peke yake. Abiria wameachwa kwa fundi na Mungu pia. Mvulana mmoja ana kofia inayosema SIYE, na kwa kweli hiyo imekaa vizuri kuliko ilivyokuwa nzima, maana Mdhaniaye ndiye siye ikiwa kichwani mwa kijana na kubaki na siye tu, inatosha kabisa. Nilimsifu. Aliniangalia kwa mashaka, akavua kofia, akasoma, akacheka. Nilimuuliza kama fundi alifanya makusudi. Hakujua.

Nadhani hapo ndipo hukumu yangu ilipo. Kofia ile ni kazi bora kuliko koti, ingawa koti limeshonwa vizuri mara kumi. Neno lililobaki kwenye kofia lina maana pale lilipo. Maneno ya mgongoni yamemgeuka aliyeyavaa. Kama fundi na kijana wangelisoma jina kabla ya kukata, wangekuwa watunzi wa pili wa jina hilo, wakichagua libaki neno gani, lifichwe lipi, lihamie wapi. Mkasi ungekuwa kalamu. Kwa sasa wanaopata maana nzuri wanaipata kwa bahati, kama anayeokota noti barabarani.

Kanga huuzwa kwa doti, yaani pande mbili zinazofanana, zikiwa bado zimeungana. Binti alitumia upande mmoja kwa koti. Wiki iliyopita alikuja na upande wa pili, haujakatwa wala kupindwa, akautandika juu ya meza yangu ukafunika vitabu vyote vya muhula. Anataka sketi. Ametafuta jinsi ya kuliweka jina lote kwenye ukingo wa chini, lizunguke miguu, ili anayetaka kulisoma alazimike kumzunguka. Amepima kwa rula ya darasani na kuchora kwa chaki mstari ambao mkasi usivuke. Swali lake kwangu lilikuwa la lugha: fundi hasomi Kiswahili, je, amwelezeje kwa Kiganda kwamba japo isimezwe? Tulijaribu tafsiri tatu. Mwisho tuliona ni rahisi kumwandikia kwa chaki alama ya msalaba mwanzo na mwisho wa sentensi na kumwambia kilicho katikati ni kitu kimoja.

Fundi amekubali, ila amesema kwa mpango huo kitambaa kingi cha juu kitapotea, na anataka aongezewe shilingi elfu tano. Binti alikuja kuniuliza kama inafaa. Nimemwambia alipe.